Spea Moja kwa Mwaka

Kila nyumba hupewa spea mpya moja kwa mwaka, ya gari au ya mwili. Miaka mitatu mfululizo tumechukua ya gari, kwa sababu gari linabeba maziwa ya mtaa mzima, na goti la mume wangu linambeba yeye peke yake. Ndivyo anavyosema, nami nimechoka kumbishia.

Leo rejeta ya gari imepasuka tena. Fundi Mbwambo aliigeuzageuza juani, akayagonga makovu ya lehemu yake mwenyewe kwa mpini wa bisibisi.

“Mama Nasra, hii nimeilehemu mara nne. Safari hii haishiki. Chukueni mpya.”

“Lehemu mara ya tano,” nikamwambia. “Mwaka huu ni zamu ya goti. Baba Nasra ameniahidi.”

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mguu ameunyoosha, fomu ya kuombea spea mapajani. Nilipomtazama, akatazama pembeni. Nikajua ameshaijaza: rejeta.

“Goti litasubiri,” akasema. “Limeshazoea.”



Mbwambo alifuta mikono kwa tambara, akachuchumaa mbele ya mume wangu, akampandisha suruali taratibu. Akaligonga goti kwa mpini uleule, akatega sikio.

“Hili,” akasema, “bado linalehemika.”

Mume wangu akacheka, nami nikacheka kidogo. Mbwambo hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono nyuma yake, anatafuta kiberiti cha kuwashia moto wa lehemu.