Nenosiri Jipya

Fundi wa tableti mjini alikuwa mmoja tu: Salha, mtalaka wake Habibu.

"Niwekee toleo jipya la programu," Habibu alisema bila kumtazama usoni. "Kazi zangu zote zimo humu."

Salha alimaliza, akamrudishia. "Nimebadilisha nenosiri. Ni jina la binti yako."

"Binti yupi?"

"Yule uliyemkana. Siku ya saba tulikungoja uje umpe jina, hukutokea. Nikampa mwenyewe."

Kidole cha Habibu kiliganda juu ya herufi.

Mlangoni, msichana mwenye sare za shule alivua viatu. "Shikamoo," alimwamkia mgeni.

Habibu alitega sikio, akingoja Salha amwite mtoto kwa jina.

"Pita ndani, mama," Salha alimwambia mwanawe, huku akimtazama Habibu.