Kikombe Chenye Nanga

"Hakina dirisha," Zakia alisema. "Mtu analipa pesa zake, anashushwa kwenye chumba kisicho na dirisha, na ninyi mnakiita kabini. Kwetu Geita tunakiita duara. Na mchimbaji akishuka shimoni humo angalau anategemea kutoka na dhahabu."

Esta, wakala wa safari za meli mjini Kahama, alicheka kidogo, akaigeuza kompyuta ili picha ya pili ionekane vizuri. Muhidini, mume wa Zakia, dalali wa dhahabu asiye na maneno mengi, alisogeza kiti.

"Hii ina dirisha, mama. Ila halifunguki."

"Dirisha lisilofunguka ni picha ya ukutani. Endelea."

"Hii sasa ina balkoni. Ghorofa ya nane. Unakunywa chai yako nje, unaitazama bahari."

Zakia aliikagua ile balkoni kama anavyokagua nyanya sokoni, akitafuta palipooza. Hakuwa na hamu ya bahari. Alikuwa na hofu ya Suzana.

Suzana aliuza vitenge mtaani kwao, na alikuwa ameshapanda meli za kitalii mara mbili. Wiki hii alikuwa kwenye ya tatu, huko Ugiriki. Jana tu ameweka picha kwenye status: kikombe cha njano, kipande cha chungwa ukingoni, na nyuma yake buluu tupu ya bahari. Mtu akirudi safari, Suzana ndiye wa kwanza kwenda kumpokea, na anapokea kwa maswali. Mwaka jana alirudi Mama Bhoke, naye kwa ujinga wake akasema kweli: kabini ya ndani, chakula cha kujipakulia, maji ya chupa aliyopanda nayo.

"Kumbe ulisafirishwa stoo, pamoja na viazi!" Suzana alisema mbele ya wageni wote.

Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mama Stoo. Kwenye kamati ya harusi wakamtoa mapokezi, wakampeleka kuosha sahani. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Zakia, na Zakia hakukusudia kuosha sahani ya mtu. Majirani alishawatangazia kwamba naye anasafiri. Kilichobaki ni kusafiri vizuri.

"Balkoni," aliamua. "Upande gani?"

"Wowote, mama. Bahari ni ile ile."

"Nikiulizwa nijibu bahari ni ile ile?"

"Basi kushoto."

"Umesikia, Muhidini? Ghorofa ya nane, kushoto."

"Ya nane," Muhidini alisema. "Kulia."

Zakia alifumba macho, akayafumbua. Mume alikuwa bado yule yule.

Wakaingia kwenye chakula. Kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye zamu ya mapema na zamu ya kuchelewa.

"Ya mapema wanakula nani?"

"Wazee, na wenye watoto."

"Tuweke ya kuchelewa. Huyo nahodha anapita mezani?"

"Siku moja, usiku wa kuvaa rasmi."

"Mnene au mwembamba?"

Esta alimtazama. "Hilo sijui, mama."

"Unauza safari hata nahodha humjui. Na hii migahawa ya kulipia?"

"Kuna wa Kijapani. Wana samaki wabichi."

"Niongeze pesa ili wasinipikie? Tutaingia mara moja tu, tusikose la kusimulia."

Vinywaji havikuchukua muda. Kulikuwa na kifurushi cha pombe na kisicho na pombe. Mtaa mzima ulijua nyumba ya Muhidini hainywi, kwa hiyo cha kwanza hakikujadiliwa.

"Hicho kingine kina juisi, soda na kahawa za kila aina," Esta alisema. "Na unapewa kikombe chako, unajaziwa kutwa."

Alichukua kikombe rafuni. Kilikuwa cha njano, kina mrija na picha ya nanga. Zakia alikitambua mara moja. Ndicho kile cha Suzana.

"Naomba hiki."

"Chukua tu, mama. Wateja wa Geita mnavipenda kweli vikombe hivi."

Muhidini alifungua mdomo. "Na bei ya..."

Zakia alimkanyaga. "Tutawasiliana," alimwambia Esta, akiwa ameshasimama.

"Wabeja, mama," Esta alishukuru kwa Kisukuma, akawasindikiza hadi mlangoni.

Ndani ya gari Zakia hakusubiri hata injini iwake.

"Kabini?"

"Ghorofa ya nane. Kushoto."

"Chakula?"

"Zamu ya kuchelewa. Nahodha mwembamba."

"Nani kakwambia mwembamba?"

"Mnene, basi."

"Baki na mwembamba. Na ukiulizwa kitu usichokijua, kohoa."

Jumatatu Zakia aliweka kwenye status picha ya masanduku mawili mlangoni, na majirani wakawatakia safari njema. Gari lilishika barabara ya Ushirombo, mahali wasipojulikana, likaingia kwenye gesti yenye ukuta mrefu. Chumba pekee kilichobaki hakikuwa na dirisha.

Safari hii Zakia hakulalamika. Alimimina juisi ya pakiti kwenye kikombe cha njano, akachomeka kipande cha chungwa ukingoni, akatoka uani kutafuta mwanga wa kupigia picha. Kwenye kamba ya nguo palikuwa pametundikwa turubai la buluu. Upepo ulilipiga, likafanya mawimbi kabisa.

Mbele ya turubai alichuchumaa mwanamke, simu mkono mmoja, kikombe cha njano mkono wa pili.

"Ngoja kidogo, dada," Suzana alisema bila kugeuka. "Nimalize Ugiriki kwanza."