Sufuria ya Usaili

Notburga aligonga sufuria kwa mwiko chini ya meza, mahali ambapo kamera ya simu haifiki. Aligonga kwa nguvu zote, huku macho yake yametulia kwenye uso wa kijana aliyekuwa kwenye skrini.

Kijana akapepesa. Kidogo tu, ukope mmoja, lakini ilitosha.

"Huyu anasikia," mikono ya Notburga ikawaambia wenzake. "Mtoeni."

Hamphrey, kama alivyojiandikisha, alijaribu kujitetea kwa alama alizojifunza mtandaoni wiki hiyohiyo. Kisha akausahau uziwi wake, akatukana kwa mdomo. Notburga alimkatia simu, akaifuta skrini kwa kitambaa kama vile kijana ameacha mate pale. Kinyaa kilikuwa kimempanda hadi kooni.

Kundi lao liliitwa Mikono Inasema, jamii ya viziwi wa Ruvuma kwenye mtandao. Kujiunga hakukuwa na mlolongo: unaandika jina, unaweka picha, kisha unakaa mbele ya kamera na kusailiwa kwa lugha ya alama. Wasaili walikuwa watatu. Aidan, mwenyekiti, alikuwa Songea; Recho alikuwa Kigonsera; na Notburga, fundi cherehani wa Mbinga mjini, ndiye aliyebuni ile sufuria. Kabla yake walikuwa wakiingiliwa ovyo. Mmoja alikuja kutafuta wasichana wa kuwachezea. Mwingine aliwauzia mafuta ya kuzibua masikio. Wa tatu alikusanya video zao akawapelekea rafiki zake wacheke.

"Anayesikia akajifanya kiziwi ni funza," Notburga alipenda kusema. "Anaishi kwenye nyama ya mwenzake." Ni yeye aliyetaka iwe sheria kwamba akikamatwa mtu wa namna hiyo, picha yake ibandikwe kundini, wote wamjue, asirudi tena.

Alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Hakuwa na watu wengine. Alishuka kutoka kijiji cha Matiri na mama yake, wakiongea kwa mikono barabarani, na mji ukawapa wote wawili jina moja: mabubu. Mama alipofariki, jina likabaki kwa binti. Wateja walimsengenya mbele yake huku akiwapima viuno, kisha wakashangaa kwa nini magauni yao ndiyo yanayochelewa kuisha. Walisema anasoma midomo. Lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ilikuwa imebaki mle kwenye simu tu, na huko ndiko alikoitwa dada.

Mwombaji wa mwisho mchana huo alikuwa Joakim, mshona nyavu wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Alikaa kwenye kigoda, na nyuma yake mlango wa mbao ulikuwa umefungwa. Notburga alimchukia papo hapo. Mikono yake ilikuwa myepesi mno, na tabasamu lake lilionekana limepangwa. Huyu kafanya mazoezi, alijiambia. Njia ya mwongo ni fupi, tutaona anaishia wapi.

"Uko na nani nyumbani?" Recho akauliza.

"Na mwanangu. Mama yake yuko ufukweni anaanika dagaa, usipa. Mtoto amelala chumba cha nyuma, juu ya nyavu."

Notburga akagonga sufuria. Joakim hakupepesa. Akagonga tena. Macho ya yule mtu yalikuwa tuli kama ya sanamu ya kanisani.

"Amepita," mikono ya Aidan ikasema.

"Subiri, mwenyekiti," Notburga akajibu. Hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Akamtaka Joakim aeleze uziwi wake ulivyoanza.

Joakim akaanza kueleza: homa aliyougua utotoni, bibi aliyemwita jina lake mara nyingi bila kuitikiwa. Katikati ya maelezo hayo, vidole vya Notburga vikakunjana mezani. Akautazama ule mlango nyuma ya Joakim. Ulikuwa umefungwa vilevile. Akamrudishia Joakim macho, akaitikia kwa kichwa kumtia moyo aendelee, na Joakim akaendelea.

Mbinga ilikuwa na baridi siku hiyo, lakini jasho lilimtoka Notburga. Alimtazama Aidan. Alimtazama Recho. Akajaribu kufuata habari za ile homa. Kinyaa kikampanda tena kooni, na safari hii hakikuwa kwa ajili ya Joakim.

"Mtoto wako," mikono yake ikamtoroka. "Kimbia. Anakufa."

Joakim aliangusha kigoda. Aliufungua mlango kwa bega, akapotea ndani. Aidan na Recho walibaki wameduwaa, kila mmoja kwenye kisanduku chake.

Aliporudi alikuwa amempakata mtoto mwenye uso wa zambarau. Uzi wa nyavu aliojisokota nao ulikuwa bado unaning'inia shingoni, umekatwa kwa kisu. Mtoto akakohoa. Akavuta pumzi, akaachama mdomo, machozi yakamtiririka. Baba naye akalia bila kujificha.

Kwa mkono mmoja Joakim alishukuru, akashukuru tena. Kisha ule mkono ukasita. Akageuka kuutazama mlango, halafu akairudia simu.

"Mlango ulikuwa umefungwa, dada," mkono ukasema. "Umemwonaje?"

Aidan na Recho walisogeza nyuso zao karibu na kamera, wakisubiri jibu.

Mikono ya Notburga ilikuwa mapajani, imekataa kunyanyuka. "Nilimsikia," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu ashuke kutoka Matiri, na kati ya wale watatu hapakuwa na hata mmoja aliyemsikia.