Doa la Ukoo

Katika ukoo ule kila mtu alizaliwa na pua yake, hata zile za kusikitisha, lakini doa jeusi la shingoni lilikuwa la wote. Sikudhani, bibi harusi wa kesho, alitaka shingo safi.

"Nafuta langu, Bibi. Wewe baki na lako."

"Huna lako, mjukuu wangu. Lipo moja tu, na ndilo tunalojuana nalo."

Sikudhani akacheka, akapaka dawa, akasugua. Likatoka.

Bibi akajipapasa shingo. Palikuwa patupu. Uani, vicheko vya shangazi vikakatika ghafla.

Mama yake Sikudhani akaingia, amemshika kitinda mimba wake mbali na kifua.

"Samahani, dada," akamwambia Sikudhani kwa adabu. "Huyu mtoto ni wa nani?"