Komeo la Mlango Mkubwa

"Gisla, shoga yangu, hivi huyu mbwa wenu anatafuta nini kitandani kwa kaka yako?"

Aliyeuliza ni Berta, jirani muoka mikate, pua ameiziba kwa ncha ya mtandio. Mbwa alikuwa amejilaza ubavuni mwa Bwana Ranuccio, kabaila wa Montorso, udenda unamtoka, macho yote kwenye bendeji ya paja la bwana wake. Bendeji ilikuwa imelowa uchafu wa kijani, nzi wameitanda. Na ile harufu! Ilishuka ngazi zote za mnara ikaenda kukaa ndani ya unga wa Berta.

"Niondoleeni mbwa," Ranuccio alinong'ona. "Lakini kidonda asikiguse mtu. Nimemwachia Mungu."

Kusikia jina hilo kinywani mwa kaka yake, Gisla alipiga ishara ya msalaba. Tangu afiwe na mumewe akarudi kuishi hapo, alikuwa akimsihi atubu. Ranuccio alimuua kijana wa akina Mazzolenghi, ukoo wa mnara wa ng'ambo ya barabara. Ugomvi wenyewe ulikuwa farasi tu, na kijana alikuwa amekwisha piga magoti. Toka siku hiyo akina Mazzolenghi walidai damu kwa damu; mlango mkubwa ulifungwa, Ranuccio akawa anatokea zizini kama mwizi. Hakuungama hata Pasaka. Gisla hakuwa na ombi jingine kwa Mungu: kaka yake asife na damu ile rohoni.

Wana wawili wa Ranuccio walikuwa na maombi yao. Opizzo, mkubwa, alikalia ukingo wa kitanda akitafuna nyama ya nguruwe, mafuta yanamchuruzika kidevuni, huku anapima godoro kwa shubiri. Tedaldo alikuwa ametia kidole cha baba yake mdomoni, anakilowesha mate ili pete itoke.

"Hukinai?" Opizzo akamcheka. "Paka mafuta haya."

"Paka mwenyewe. Si wewe ndiye mkubwa?"

"Hamwoni haya nyinyi?" Gisla alisema. "Baba yenu bado anapumua!"

"Tatizo ndilo hilo, shangazi," Opizzo akajibu.

Sikukuu ya Mtakatifu Martino, Ranuccio akafumbua macho. "Niitieni abate, mkuu wa monasteri. Nataka kufa mtawa."

Gisla alilia kwa furaha. Kila mtu Montorso alijua maana yake. Mgonjwa akishavikwa joho la kitawa, kwa dunia amekufa hapo hapo, hata kama pumzi bado imo. Mali na madeni yake yote yanakwenda kwa warithi, na kurudi nyuma hakuna. Wale vijana walimkimbilia abate mbio ambazo tabibu hakuwahi kukimbiliwa.

Abate akamnyoa utosi, akamvika joho jeusi. Maji ya baraka hayajakauka, Opizzo na Tedaldo wanasukumana ngazini. Kwa desturi, mrithi hufungua mlango mkubwa mbele ya majirani na kushika komeo.

"Wanangu, subirini angalau azikwe," Gisla aliwafuata akihema. "Mkishika komeo la nyumba hii, mmeshika kila kilichokuwa chake."

"Ehee! Sasa shangazi umetuelewa," Tedaldo akasema.

Mlango ulilia kwa kutu. Nje walikuwepo Berta na watu wa mtaa. Ng'ambo nako akina Mazzolenghi walitoka mmoja mmoja, mikono ndani ya majoho, wakajipanga barabarani. Mbele yao alikuwa mzee Bonifazio, baba wa yule kijana.

"Ranuccio je?" aliuliza.

"Ni mtawa sasa," abate akajibu. "Ni wa Mungu. Hadaiwi na mtu."

"Na mwenye mnara ni nani?"

"Mimi!" Opizzo alilikumbatia komeo.

"Mwongo! Ni sisi wawili!" Tedaldo akajipenyeza, akalidaka. "Mashahidi, mmeniona? Nami nimeshika!"

"Tumekuona, mwanangu," mzee Bonifazio alisema polepole. "Nyote tumewaona."

Ngazi zikasikika zikikanyagwa. Ranuccio alikuwa anashuka, mgongo umenyooka, mashavu mekundu. Kwenye daraja la mwisho alipandisha joho, akaifungua bendeji. Ini la kondoo, limeoza na kujaa funza, likaanguka sakafuni pwaa. Mbwa akaliwahi. Paja lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Gisla aliziba mdomo kwa kiganja.

Ranuccio alipita katikati ya wanawe, mikono yao bado iko kwenye komeo. Akawabariki akina Mazzolenghi kwa ishara ya msalaba. Wao wakampisha mtawa, kisha wakaziba tena njia, naye akashika barabara ya kwenda monasterini bila kugeuka.