Diski ya Kompyuta Iliyokufa

Nassoro aliitoa diski kwenye kompyuta iliyokufa, akaichomeka kwenye mashine kuukuu ya gemu ya binti yake, Chiku. Alidhani ingebeba gemu mpya huku ikiendelea kutunza video za marehemu mkewe. Mara maandishi yakatokea kwenye runinga: "Kila kilichomo kitafutwa. Ungependa kuendelea?"

"Bonyeza ndiyo, Baba," Chiku alihimiza. "Mbona umeganda?"

Nassoro aliishusha padi ya kuchezea gemu mapajani.

"Mama yako yumo humu, mwanangu. Anakusuka, nawe unalia."

 Chiku aliichukua padi kutoka kwa baba yake, akaiweka sakafuni. Kisha akaichomoa diski taratibu, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Bado ilikuwa na joto.