Trigo

Shemsa alipewa gunia la nafaka bandarini, na kabla hajalifikisha nyumbani alimgawia jirani yake, Bi Mwaka, kibaba kimoja. Punje zilikuwa na rangi ya waridi, lakini njaa haichagui rangi. Alipoanza kuziosha, maji yakawa mekundu. Akasita. Akakata kipande cha gunia chenye maandishi, akampelekea Makungu, mzee aliyewahi kuwa mpishi wa meli.

"Trigo," Makungu alisoma. "Kwa Kihispania ni ngano. Kule mtu akisema trigo, anawaza mkate."

Shemsa akashusha pumzi. Makungu akakisogeza kile kipande karibu na macho, akasoma mstari wa chini, akaurudia.

"Nini, mjomba?"

"Hii ni trigo ya kupanda. Ni mbegu, imepakwa sumu wadudu wasiile. Mmeshakula?"

Shemsa alikwisha kutoka. Alikimbia pekupeku mpaka uani kwa Bi Mwaka, akalipiga teke sufuria lililokuwa jikoni. Ngano ikamwagika mchangani, ikifuka mvuke.

"We mtoto, umeingiwa na wazimu?"

"Nani ameonja, Bi Mwaka? Niambie, nani ameonja?"

"Mimi tu. Kijiko kimoja, kutazama chumvi."

Shemsa akamketisha kwenye kibao, akapaza sauti majirani watafute gari. Bi Mwaka aliitazama ngano iliyomwagika. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akafumba macho, akawa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya mlango.